Unga wa Arobaini na Moja

Hapo zamani, ila msiende mbali sana, ni zamani ya juzi juzi tu, watu walikuwa tayari wana simu mifukoni na bado wanapanga foleni, palikuwa na taasisi ya utafiti wa dawa katika mji mmoja wa baridi huko kusini, kwenye mashamba ya kahawa. Taasisi ilikuwa na jengo refu, bendera, bustani ya maua na maabara moja. Vyumba vingine vyote vilikuwa vya mikutano.

Ndani ya maabara ile kulikuwa na friza. Ndani ya friza kulikuwa na kichupa cha rangi ya kahawia, hakizidi kidole gumba. Ndani ya kichupa kulikuwa na unga mweupe, na unga huo uliitwa Arobaini na Moja, kwa sababu arobaini waliotangulia walishindwa. Kazi yake ilikuwa kutuliza uvimbe. Panya mweupe akivimba mguu kama andazi, akipewa chembe ya Arobaini na Moja, saa sita hazipiti mguu umenywea na panya anaparamia nyavu za kizimba chake.

Lakini unga ule ulikuwa na masharti kushinda mkwe. Haukutaka joto, ulikaa kwenye baridi ya kugandisha mwaka mzima. Haukutaka mwanga, ndiyo maana kichupa kilikuwa cha kahawia. Haukutaka unyevu: ukikitoa kichupa kwenye friza, hukifungui mpaka kimezoea joto la chumba, nusu saa nzima, la sivyo kinatoa jasho ndani na unga unaharibika. Na maji ndiyo haukuyataka kabisa. Ukiutia majini unaelea juu kama vumbi la chaki, koroga mpaka mkono uchoke. Uliyeyuka katika kiyeyushi chake maalumu tu, nacho kilikuwa na hila yake: kikigusa ngozi, kinapenya na kuingia mwilini pamoja na chochote kilichomo. Kwa hiyo hakuna aliyekishika bila glavu. Na lebo ilisema, kwa herufi nyekundu: kwa utafiti tu, si kwa binadamu wala mifugo.

Watu watatu waliutunza unga huo.

Wa kwanza ni Mama Osmunda, mtunza stoo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya. Ufunguo wa friza aliuvaa shingoni pamoja na rozari, na hakuna aliyejua kipi anakiamini zaidi.

Wa pili ni Fridolini, mtaalamu wa maabara, kijana mpole wa miaka thelathini. Yeye ndiye aliyepima, aliyeyeyusha na aliyegawa. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na kila mwaka alitetemeka.

Wa tatu ni Daktari Editruda, mtafiti mwenyewe, mwembamba, mwenye haraka, asiyemaliza chai yake. Miaka sita alikuwa akihangaika na huo unga. Alipoona panya wake wanapona miguu, alipita korido nzima akiwaambia watu, hata mpishi wa kantini alijua.

Na juu yao wote alikuwepo mkurugenzi, Profesa Gaudensi Hyera. Profesa alifundisha kemia miaka thelathini. Alikuwa na suti tatu, madereva wawili na jongo moja. Jongo lile lilikaa kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, na lilipokuja, hata shuka likigusa kidole Profesa alipiga kelele.

Sasa basi. Ikatangazwa kwamba Alhamisi mgeni rasmi kutoka makao makuu atakuja kuitembelea taasisi. Bustani ikamwagiwa maji. Kuta zikapakwa rangi upande ambao mgeni atapita. Na Ijumaa ya kabla yake, jongo la Profesa likafika, mapema kuliko mgeni.

Ijumaa kidole kikawa chekundu. Jumamosi kikang'aa. Jumapili Profesa hakwenda kanisani. Jumatatu akaja ofisini amevaa kiatu mguu mmoja na ndala mguu wa pili, akakaa, akaufikiria unga.

Akajikokota mpaka stoo.

"Mama Osmunda, nifungulie friza."

"Profesa, shikamoo. Friza inafunguliwa kwa fomu."

"Fomu inasainiwa na nani?"

"Na wewe."

"Basi nimeshasaini. Fungua."

Mama Osmunda akautazama mguu, akaitazama ndala, akaelewa. "Profesa, lebo inasema si kwa binadamu."

"Lebo niliidhinisha mimi!"

"Nayo inasema hivyo hivyo. Sifungui. Nifukuze kazi, ufunguo nitakwenda nao nyumbani."

Profesa akavuta pumzi. Kumfukuza mtunza stoo siku tatu kabla ya mgeni rasmi si jambo dogo, na maelezo yake yangekuwa magumu. Mama Osmunda naye akaona mzee wa watu anaumia, akalainika kidogo, akasema maneno ambayo mpaka leo anayakumbuka: "Mimi ni ufunguo tu, Profesa. Muone Fridolini. Yeye ndiye anayepima."

Kisha akarudi kwenye daftari lake la stoo, na hakumwambia mtu yeyote.

Profesa akajikokota mpaka maabara. Fridolini alikuwa anaosha mirija.

"Fridolini, mwanangu. Mkataba wako unaisha lini?"

"Mwezi ujao, Profesa."

"Mwezi ujao," alirudia Profesa, akakaa juu ya stuli, akanyoosha mguu. "Nataka Arobaini na Moja. Kiasi cha mtu wa kilo tisini. Mahesabu yako unayajua."

Fridolini akauweka mrija chini. Akikataa, mwezi ujao hana kazi, na nyumbani ana mama na wadogo zake watatu. Akikubali, anamlisha mtu kitu ambacho hakijawahi kuingia kinywani mwa mtu. Akasema, "Profesa, njoo kesho asubuhi. Unga unahitaji kuandaliwa."

Kesho yake Profesa akaja, na Fridolini akampa kichupa cha kahawia chenye lebo. Ndani mlikuwa na glukosi. Ndiyo, glukosi, ile ile anayopewa mgonjwa asiyekula, ile ile ambayo watoto huramba kiganjani.

"Usikifungue mpaka nusu saa ipite," alisema Fridolini kwa sauti ya chini. "Usikiweke juani. Shika kwa glavu."

Profesa akakaa nusu saa ofisini, mapazia yamefungwa, glavu mkononi, akikitazama kichupa. Nusu saa ilipotimia akamimina unga ule katika glasi ya maji. Ukayeyuka wote, maji yakabaki maangavu kama yalivyokuwa. Profesa wa kemia, miaka thelathini darasani, aliyesaini ripoti yenye mstari unaosema unga huu hauyeyuki majini, akaiinua glasi, akaitazama, akasema, "Safi sana."

Akanywa. Ulikuwa mtamu. Akalamba midomo. "Hata ladha wameirekebisha."

Wenye jongo wanaujua ugonjwa wao: hauondoki kwa kubembelezwa, ila baada ya siku kadhaa hujiondokea wenyewe. Kidole kile kilikuwa katika siku ya tano. Jumatano kikafifia. Alhamisi kikaingia kwenye kiatu.

Mgeni rasmi akaja, ngoma zikapigwa, mbele ya wafanyakazi, wanakwaya na redio ya wilaya. Profesa alikuwa na hotuba ya kurasa kumi na mbili, lakini alipofika ukurasa wa pili aliiacha, akashuka jukwaani, akapiga hatua za kijeshi mbele ya mgeni, kushoto kulia, kushoto kulia.

"Mheshimiwa! Jumatatu mguu huu ulikuwa haugusiki. Leo mnauona. Taasisi yetu imepata dawa ya uvimbe, na mtu wa kwanza kuitumia ni mimi. Nimeutoa mwili wangu kwa ajili ya taifa!"

Watu wakasimama. Mgeni rasmi akapiga makofi, akauliza dawa itawafikia lini wananchi. Profesa akasema, "Hivi karibuni sana." Redio ikalibeba neno hilo, ikalipeleka milimani na mabondeni.

Daktari Editruda alikuwa amesimama nyuma, karibu na spika. Hakupiga makofi. Alitoka mbio mpaka stoo, akamwambia Mama Osmunda afungue, akakitoa kichupa, akakipima. Hakikupungua hata chembe.

Akamkuta Fridolini maabara. "Profesa amekunywa nini?"

Fridolini akatazama sakafu. "Glukosi, Daktari."

Editruda akacheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka. "Nani anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi tunyamaze kwanza," alisema Editruda. "Nitajua la kufanya."

Sasa msikilizeni mtu wa tano, kwa maana bila yeye hadithi hii ingekuwa kichekesho tu, tungecheka na kwenda kulala.

Katika kijiji kilicho chini ya mji ule aliishi Bibi Eusebia, mfumaji wa masweta. Masweta ya shule tatu za mji ule yalitoka vidoleni mwake, ya kijani, ya bluu na ya hudhurungi. Mikono yake ilikuwa na ugonjwa wa viungo, lakini hospitali ilimpa vidonge, na alivimeza kila siku kwa miaka minane, na kwa vidonge hivyo vidole viliendelea kufuma. Si haraka kama zamani, lakini vilifuma.

Bibi Eusebia akaisikia redio. Dawa ya uvimbe. Imemponya Profesa. Hivi karibuni sana.

Ijumaa alfajiri akapanda mlima mpaka getini. Alikuta watu ishirini, wenye magoti, wenye migongo, wenye miguu kama magunia. Jumatatu walikuwa mia moja. Na penye watu mia moja hapakosi mjuaji. Mmoja akasema, "Dawa mpya haichanganywi na ya hospitali. Ukitaka ikukubali, usafishe mwili kwanza." Bibi Eusebia akaviacha vidonge vyake nyumbani, ndani ya kopo, ili mwili uwe safi.

Kila asubuhi Mama Osmunda alipita getini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Dawa inatoka leo?"

"Mimi ni wa stoo tu, Bibi."

Kila asubuhi Fridolini alipita getini, ameinamisha kichwa. Siku moja Bibi Eusebia alimshika mkono, na Fridolini alihisi vidole vyake vilivyo vya moto na vigumu. "Wewe mwanangu unafanya kazi humo. Niambie ukweli, ipo?"

"Ipo, Bibi," alisema Fridolini. Na hakusema uongo, maana ipo kweli, kwenye friza.

Na Daktari Editruda? Yeye alipita kwenye geti la nyuma.

Ndani ya maabara, panya wake walioendelea kupewa Arobaini na Moja walianza kunyong'onyea. Siku ya nne baada ya sherehe, panya mmoja masikio yalikuwa ya njano. Siku ya tano, watatu. Akawapasua, akakuta maini yamelainika kama matunda yaliyooza. Miguu ilikuwa mizuri kabisa, haina uvimbe, lakini maini yamekwisha. Miaka sita yake ikawa imelala mezani, njano.

Usiku huo hakuandika kitu. Alijua Profesa yuko hai kwa sababu ya glukosi. Alijua pia kwamba akifungua mdomo, Arobaini na Moja imekufa, na jina lake nalo. Akajiambia, "Panya watatu si ushahidi. Nisubiri wafike wanane." Wakafika wanane. Akajiambia, "Wanane ni wachache. Nisubiri wafike kumi na wawili."

Walipofika kumi na wawili ilikuwa siku ya tisa baada ya sherehe. Asubuhi hiyo, kwa sababu geti la nyuma lilikuwa linapakwa rangi, Editruda alilazimika kupita la mbele. Akamkuta Bibi Eusebia amekaa chini, mwenzake anamnywesha uji kwa kijiko kama mtoto. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja ndani ya viganja, na viganja vimevimba.

"Bibi, hospitali hawakupi dawa?"

"Nimeiacha, mwanangu. Naisubiri ya kwenu."

Editruda akaliacha geti. Kisha akapanda juu ya ukuta mfupi wa bustani, juu ya maua mapya, akapaza sauti.

"Ndugu zangu! Nisikilizeni! Mimi ndiye niliyeutafiti huo unga. Hakuna dawa! Profesa hakunywa dawa, alikunywa glukosi, na jongo lake limepoa lenyewe. Na unga wenyewe unaharibu ini. Unaua! Rudini hospitalini, mmeze vidonge vyenu leo hii hii!"

Wengine walilia. Wengine walimrushia mawe, wakasema amehongwa na hospitali. Bibi Eusebia hakufanya lolote. Aliuliza tu, "Tangu lini mlijua?"

Walimpeleka hospitali. Maumivu yalipungua. Vidole havikunyooka tena. Mwaka ule watoto wa shule tatu walivaa masweta ya dukani, yanayofumuka kwapani.

Profesa alistaafu kwa heshima, akaagwa kwa keki. Na bodi ya taasisi, ili kuliondoa jina baya, ikaamua kutoa Ngao ya Uadilifu, moja, kwa yule aliyewaokoa wananchi na unga ule. Ilikuwa ya mbao nzito, imepambwa kwa shaba.

Bodi ikakaa kikao. Ikala chakula cha mchana. Ikakaa tena, ikala tena. Haikuafikiana ni nani kati ya wale watatu. Mwishowe mwenyekiti akapata wazo la kujitoa lawamani: ngao itolewe na mwakilishi wa wagonjwa. Wakamtuma dereva kumleta Bibi Eusebia.

Wakamkalisha mbele. Kwa kuwa hakuweza kuishika ngao, wakamlazia mapajani.

Mama Osmunda akasema: "Bibi, mimi ndiye niliyekataa. Mkubwa alisimama mbele yangu na mguu wake na cheo chake, nikamwambia sifungui. Sikudanganya, sikuficha, sikuiba. Unga hukuuona nje ya friza kwa sababu ya shingo hii. Wengine walifanya mengi, lakini kila mmoja ana la kuombea msamaha. Mimi nilifanya kazi yangu."

Fridolini akamjibu, na ilikuwa mara ya kwanza watu kumsikia akipaza sauti: "Mama, ulifanya kazi yako, kisha ukamwelekeza kwangu! Ulikataa mikono yako isichafuke, ukanitupia mimi. Bibi, ni kweli nilidanganya. Lakini kama ningemwambia hapana, angeagiza friza ivunjwe, angekunywa, mguu ungepona kweli, angegawa kwenu kabla panya wa kwanza hajawa njano. Leo tungekuwa tunahesabu makaburi. Yupo mtu mmoja tu aliyehakikisha unga haumfikii mtu, naye ni mimi, na kijiko changu cha glukosi."

Daktari Editruda akasema: "Kijiko hicho ndicho kilichokwenda redioni, Fridolini. Bila uongo wako Bibi angekuwa na vidole. Mimi, Bibi, nilichelewa. Siku tisa, sitazipunguza. Lakini wote hawa walikaa kimya mpaka mwisho, na mpaka leo wangekuwa kimya. Mimi peke yangu nilipanda ukutani. Nilipoteza utafiti wangu wa miaka sita, na hili kovu la paji la uso ni la jiwe la siku ile. Watu mia moja walirudi kwenye vidonge vyao kwa neno langu."

Mama Osmunda akaguna. "Ulipanda ukutani kwa sababu geti la nyuma lilikuwa na rangi mbichi."

Hapo nyuma ya ukumbi mtu akakohoa, akasimama. Alikuwa Profesa Gaudensi mwenyewe, na suti yake ya tatu.

"Jamani, haki itendeke. Hawa wote hakuna aliyehatarisha mwili wake. Mimi nilikunywa nikiamini ni dawa ambayo haijajaribiwa. Niliwatangulia wananchi wangu. Kwamba ilikuwa glukosi, hilo si kosa langu. Ujasiri wangu ulikuwa halisi!"

Ukumbi ukaangua kicheko, isipokuwa wajumbe wawili wa bodi, walioandika kitu kwenye karatasi zao.

Kicheko kilipoisha, Bibi Eusebia akamtazama Mama Osmunda, aliyekataa akaishia hapo. Akamtazama Fridolini, aliyedanganya akamwokoa asiyestahili na kumponza asiye na kosa. Akamtazama Editruda, aliyesema kweli, ila kwa saa yake mwenyewe. Akaitazama ngao iliyomlalia mapajani, nzito, na mikono yake iliyojikunja juu yake.

"Mama," alisema mwenyekiti kwa upole, huku akichungulia saa, "tunakusubiri wewe."

Nanyi mliokaa hapa, mliocheka pale pa glukosi, msijifanye mnatafuta viatu. Mngekuwa nyinyi Bibi Eusebia, mngemkabidhi nani ngao ile?